Sukuma Wiki Iliyomngoja Mwenyewe

Sukuma wiki ikimfika mtu mzima kifuani, hiyo si mboga tena, ni uzio. Nilisimama katikati ya shamba letu la Kakuma, mkoba begani, vumbi la barabara ya kutoka Lodwar bado likinikwaruza koo, nikatazamana ana kwa ana na majani mapana kama sinia. Ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, ya juu yamekakamaa kama ngozi ya kiatu. Pembeni, mchicha ulikuwa umetoa mashuke na kuanza kumwaga mbegu. Kunde zilikuwa zimetambaa nje ya vitanda vyao na kuukwea ua wa miiba ya mathenge, kana kwamba zimechoka kungoja na zinatafuta njia ya kwenda nyumbani.

Hakuna jani lililokuwa limechumwa. Niliinama kuhakikisha. Mtu akichuma sukuma huacha kovu dogo kwenye shina, pale jani lilipovunjwa. Mashina haya hayakuwa na kovu. Yalikuwa yamelelewa kama watoto wa mfalme.

"Ejok, mwalimu," akasema mama mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa ameketi juu ya jerikeni iliyolazwa kando ya bomba, shanga zake shingoni, miguu imenyooka mbele. "Umerudi."

"Ejok, mama. Nimerudi. Hii ni nini?"

"Ni sukuma."

"Najua ni sukuma. Kwa nini hamjachuma?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajaingia kanisani na punda.

"Tulikuwa tunakungoja," akasema.

Inafaa nieleze nilifikaje hapo, maana mimi si mkulima na, ukiwauliza wanaonijua, si mpishi pia. Nilisomea fasihi chuo kikuu, mara mbili, jambo ambalo watu wa kwetu Lodwar wameshanisamehe. Kisha niliandika makala gazetini nikilalamika kwamba nyanya zinazotufikia kutoka Kitale huwa zimechoka kuliko dereva wa lori. Ofisi moja ya mradi ikaisoma, ikaamua kwamba aliyeandika ni mtaalamu wa lishe, ikanipigia simu. Nilikanusha. Wakasema unyenyekevu ndio hasa walioutafuta.

Kazi ilikuwa hivi. Kulikuwa na shamba dogo kati ya kambi na mji, la akina mama wa pande mbili: Waturkana, ambao ndio wenyeji, na wakimbizi kutoka kambini. Vitanda vilikuwa vimechimbwa chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Mimi nilitakiwa kuwatia moyo, kufundisha upishi wa kile kinachoota, na kuandika kijitabu. Upishi wenyewe ulifanywa na mama mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ambaye anaweza kupika kudra, yaani mlenda wao, hadi ukasahau kwamba ulikuja na mawazo. Mimi nilishika chati. Chati ilikuwa na picha ya karoti yenye macho na miguu. Katika Kakuma yote sijawahi kuona karoti ikitembea, na zisizotembea pia ni chache.

Maji yalitoka kwenye kisima cha kijiji kwa bomba moja. Mzee wa kamati ya maji alitupa bomba hilo kwa msimu wa majaribio, na alisema masharti yake mbele ya watu wote: siku ya upishi nitakuja mwenyewe, nikikuta watu wanakula kutoka hapa, bomba libaki, nisipokuta, nalipeleka kwa wafyatua matofali. Hao wa matofali waliomba maji hayo kabla yetu, na hawakuwa wameacha kuomba.

Siku ya upishi ilikuwa kesho kutwa.

Mimi, bomba lingegeuzwa, ningerudi Lodwar na kuandika makala ya huzuni. Mama mwenyekiti asingekuwa na pa kurudi. Mbuzi wake waliisha wakati wa ukame, wote. Analea wajukuu. Hana kadi ya chakula ya kambini kwa sababu si mkimbizi, na hana mifugo kwa sababu mvua haikumuuliza. Alikuwa wa kwanza kufika shambani alfajiri na wa mwisho kufunga lango la miiba. Vitanda vile ndivyo vilivyokuwa zizi lake. Na huyo huyo ndiye aliyekaa juu ya jerikeni, wiki baada ya wiki, akitazama chakula cha wajukuu wake kikizeeka.

"Mlikuwa mnaningoja nifanye nini?" nikamuuliza.

"Ule."

"Nile?"

"Wewe ndiye ulipanda ya kwanza. Shamba ni yako. Mwenyewe hajakula, sisi tutakula namna gani?"

Hapo nikaikumbuka siku ya kufungua mradi. Watu wa ofisi walikuja na kamera. Walitaka picha ya mtu mwenye miwani akipanda, na miwani ilikuwa yangu peke yangu. Nikapewa mche wa kwanza, nikauzika ardhini vibaya, mama mwenyekiti akanimwagia maji mikononi, na bibi mmoja mzee akanipulizia maji ya mdomoni usoni. Ilikuwa baraka ya mwenye shamba, nami nilidhani wananihurumia kwa joto. Nilishukuru sana, hata nikaomba anirudie.

Kwetu, kando ya Turkwel, nilikua nikijua kwamba shamba la mtama ni la mwanamke. Hulipata kwa mama yake, na mavuno yakianza, hakuna anayetia kinywani kabla mwenyewe hajapika na kuonja kwenye moto wake. Hili nalijua kama ninavyojua jina la mto. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba desturi ya mtama ingeweza kuhamia kwenye sukuma wiki ya mradi, sembuse kunihusu mimi.

"Lakini mama," nikasema, "hili shamba ni la jamii. Imeandikwa. Tuliwasomea."

"Mlisoma. Jamii ni nani?"

"Ni nyinyi. Ni sisi sote."

"Jamii iko na mdomo? Itaonja na nini?"

Wenzake, waliokuwa wameanza kusogea kusikiliza, wakaguna kwa kukubaliana. Nilijaribu njia nyingine.

"Mngenipigia simu!"

"Tulipiga. Ukasema uko kwa mkutano. Tukapiga tena. Ukasema, tumeni ujumbe. Sasa nani anaandikia mwenye shamba, 'njoo kula'? Sisi tuko watoto?"

Mkutano huo niliukumbuka. Ulikuwa baina yangu na feni ya dari, nyumbani kwangu Lodwar, mbele ya sahani ya samaki wa kukaanga kutoka Longech na chapati. Nilikuwa nimejifungia huko wiki nyingi kuandika kijitabu. Nilikuwa nimefika sura inayosema kwamba mboga za majani zichumwe zikiwa changa, na nilijisifu kwa sentensi yake ya kwanza hadi nikapoteza nusu ya siku nikiitazama.

Mama wa Sudan Kusini akaja kutoka upande wa kibanda cha jiko, kisu mkononi, leso kichwani imepinda. Nilimgeukia kama mtu anayezama.

"Na wewe? Wewe ndiye mpishi! Ulishindwa nini?"

"Mimi nilikuja na kisu hii hii," akasema. "Hawa mama wakaniambia, ngoja mwenyewe. Nikasema, mwenyewe nani? Wakasema, mwalimu. Nikacheka mpaka mbavu ikauma." Akawatazama wenzake wa Kiturkana. "Halafu nikaona wao hawacheki. Nikarudisha kisu."

"Si ungechuma tu?"

"Nichume shamba ya mtu? Mimi mkimbizi, dada, si mwizi."

Basi. Mimi ni mtu wa vitendo nikikasirika, na vitendo vyangu vya hasira kwa kawaida huishia vibaya. Nilivunja jani la sukuma, nikaliingiza mdomoni bila kulipangusa vumbi, nikatafuna. Lilipiga kelele kama karatasi.

"Haya," nikasema, bado natafuna. "Mwenyewe amekula. Chumeni!"

Hakuna aliyesogea.

"Hiyo," akasema mama mwenyekiti kwa upole, "ni vile mbuzi anakula."

Wakacheka wote, wa kambini na wa mjini, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilimeza. Jani lilishuka kooni kwa shida, likikumbatia kila kitu lilichokutana nacho njiani.

Nilifikiri dawa ya mali usiyoitaka ni kuitoa. Nikatangaza kwamba, kwa kuwa shamba ni langu, nampa mama mwenyekiti, awe mwenyewe, ale kesho asubuhi, na mambo yaishe. Kicheko kikakatika. Akina mama wa kambini wakatazamana. Mama wa Sudan Kusini akafunga mikono kifuani, kisu kikiwa bado ndani ya mikono hiyo.

"Ukimpa yeye," akasema, "sisi wa kambi ni nani? Watu wa kuja kuomba majani?"

"Basi nakupa wewe!"

Sasa Waturkana wakasema wote kwa pamoja. Katika kelele zile nilishika maneno machache: udongo wa nani, kisima cha nani, na watu ambao siku moja watapanda lori warudi kwao.

"Kwetu wapi?" mama wa Sudan Kusini akapaza sauti. "Mtoto yangu anaongea Sheng! Nikienda na yeye Juba ataongea na nani, na kuku?"

Kwa kifupi, tangu mradi uanze, jambo la kwanza ambalo pande zote mbili zilikubaliana bila kusuluhishwa ni kwamba shamba liwe langu.

Nilimpigia simu afisa wa mradi, kijana mpole anayeniita madamu na ambaye ofisi yake ina kiyoyozi.

"Madamu, umiliki uko kwa jamii," akasema. "Iko wazi."

"Jamii haijala."

"Basi waambie wale."

"Wanasema nile mimi kwanza."

Nikasikia kiyoyozi kikipumua.

"Basi kula, madamu," akasema. "Shida iko wapi? Na tafadhali, picha."

Shida ilikuwa moto. Hilo sikumwambia afisa, kwa sababu ningehitaji siku nzima na yeye angehitaji warsha. Mwenye shamba hali kwenye jiko la mradi, ambalo ni la kila mtu. Anakula penye moto wake.

"Moto yako iko wapi?" mama mwenyekiti akaniuliza.

"Iko Lodwar."

"Na hapa Kakuma?"

"Hapa nalala gesti."

"Gesti iko na moto?"

"Ina feni."

"Na hiyo ya Lodwar ni ya mawe ama ya makaa?"

Nilifikiria kudanganya. "Ya gesi," nikasema. "Ya mtungi."

Akatafsiri kwa Kiturkana kwa wale wazee ambao Kiswahili huwapita, na nikaona huruma ikisambaa kutoka uso hadi uso. Mwanamke wa umri wangu, mwenye mvi, mwenye miwani, hana moto. Bibi yule aliyenipulizia maji siku ya ufunguzi akanigusa mkono, akasema neno la kizee ambalo sikulijua, na mama mwenyekiti akakataa kunieleza.

Ikaamuliwa, na sikuulizwa, kwamba nitatengeneza moto wangu palepale kando ya shamba, nipike kwa mkono wangu, nile, siku ya upishi asubuhi, kabla mzee wa maji hajafika. Nikasema sawa, kuna vipande vya matofali pale nje ya ua, vitatosha kuwa mafiga.

"Tofali?" mama mwenyekiti akashtuka. "Ya wale watu?"

Basi nikaenda kutafuta mawe kwenye korongo la Tarach, jua likiwa utosini. Mama wa Sudan Kusini akanisindikiza. Nilidhani anakuja kunisaidia kubeba, lakini alikuja kutazama.

"Hiyo ndogo," akasema. "Hiyo itapasuka. Hiyo ni udongo, si jiwe. Wewe ulisoma nini huko chuo?"

"Fasihi."

"Hiyo ni nini?"

"Hadithi. Mashairi."

"Khalas, basi," akasema, na akanichagulia jiwe kwa ncha ya kiatu. "Sasa nimeelewa."

Niliyabeba matatu mara moja, kwa kiburi, nikaangusha moja kwenye kidole cha mguu. Jioni hiyo ukucha ulikuwa mweusi na ulibaki hivyo hadi ulipoondoka kwa hiari yake.

Siku ya upishi nilipika. Naandika neno hilo kwa kukosa jingine. Niliwasha moto, ukazimika. Niliuwasha tena, ukashika, ukanifukuza kwa moshi, na kila nilikohamia moshi ulinifuata. Kikundi chote kilikuwa kimekaa duara, wamevaa vizuri, watoto mapajani, beseni na ndoo tupu kando. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa sufuria yangu. Mama wa Sudan Kusini alikaa mbele kabisa na bakuli la karanga alizosaga mwenyewe, limefunikwa kwa kitambaa. Lingeokoa sufuria ile na wote tulijua, lakini zamu yake ilikuwa bado.

"Chumvi," akasema.

"Nimetia."

"Mafi, hakuna. Hujatia. Niko na macho."

Nilikuwa sijatia. Nikatia mara mbili ili kumkomesha.

Vitunguu viliungua. Nikaongeza maji, nikatumbukiza sukuma, nikafunika, nikangoja. Nilipofunua, majani yalikuwa yamekaa juu ya maji kama watu waliokataa kuoga. Nikafunika tena. Sukuma ya umri ule hailainiki kwa kuombwa. Na hapa lazima nikiri kwamba akina mama hawa walinisikiliza darasani vizuri kuliko nilivyowahi kujua. Kabla sijaenda Lodwar niliwaimbia kila somo kutoka kwenye chati: usipike mboga kupita kiasi.

"Mwalimu!" akaita mmoja kutoka nyuma. "Vitamini inatoka!"

"Imeshafika Lokichoggio," akasema mwingine.

"Karoti inatembea kumfuata!"

"Nyamazeni," nikasema, machozi yakinitiririka kwa moshi. "Mbona darasani hamkuwahi kusema kitu?"

"Darasani hakukuwa na kitu ya kuona," akasema mama wa Sudan Kusini.

Mwishowe nilipakua. Mama mwenyekiti alisimama, akaja, akanimwagia maji mikononi, na duara lote likanikodolea macho. Nimewahi kusoma makala zangu mbele ya watu wenye shahada, na hakuna aliyewahi kunitazama mdomo kwa makini yale. Nikatia tonge. Lilikuwa na ladha ya kamba iliyolowekwa kwenye chumvi, yenye harufu ya mbali ya kitunguu kilichokufa. Nikatafuna. Nikaendelea kutafuna. Mama mwenyekiti alikuwa ameinama kidogo, mikono magotini, na nikaona koo lake likimeza pamoja nami.

"Tamu?" akauliza.

"Inaliwa," nikasema.

Sikumaliza kusema. Walinyanyuka kama kundi la ndege wa mtamani. Beseni, ndoo, kanga, vitambaa vya kichwa, kila kitu kilichoweza kubeba kilibeba. Mashina ya sukuma yaliinamishwa na kukwanyuliwa hadi kileleni. Mchicha uling'olewa na mbegu zake. Mama wa Sudan Kusini aliikata kunde kwa kisu kama mtu anayelipa kisasi, huku anapiga kelele kwamba majani haya magumu yote yaletwe kwake, atayasaga na karanga, watakula, atawaonyesha chakula ni nini, msimfuate yule! Yule ni mimi. Mabibi wawili waligombania kitanda cha mwisho na kukigawana huku wanatukanana kwa heshima. Kabla sijafika nusu ya sahani yangu, moshi ulikuwa unapanda kutoka manyattani upande mmoja na kutoka vibandani upande wa kambi, na shamba lilikuwa vijiti vitupu vilivyosimama kwenye mashimo.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mzee wa maji alikuwa bado hajaja.

Alitakiwa asubuhi. Alifika alasiri, maana palikuwa na mazishi, na pikipiki ilikuwa imepata pancha. Aliteremka amevaa fulana ya kampeni ya uchaguzi wa zamani, uso wa mgombea umefifia kifuani, na fimbo mkononi. Wengi walikuwa wamerudi wakati huo, midomo inang'aa mafuta, nao wakasimama nyuma yangu. Mzee akatazama vitanda. Akatazama vijiti. Akatembea hadi mwisho wa ua, akarudi.

"Shamba iko wapi?" akauliza.

"Imeliwa, mzee," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

"Leo?"

"Leo asubuhi."

"Na siku hizi zote nimewapa maji?"

Nilianza kueleza. Nilitumia neno jamii, nikatumia neno umiliki, na pengine, Mungu anisamehe, nilitumia neno mchakato. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu mvua inayonyesha wilaya nyingine. Mama mwenyekiti akanipita, akasimama mbele yake.

"Mwenyewe alikuwa Lodwar," akamwambia.

"Aaa," akasema mzee. Akatikisa kichwa taratibu. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo mradi wetu ulikuwa umemwambia akalielewa. "Na nyinyi mkangoja."

"Tukangoja."

"Imebaki nini nionje?"

Hakukuwa kumebaki kitu isipokuwa kilichokuwa kwenye sufuria yangu. Nikampakulia, nimepoa na sukuma imepoa. Alikula amesimama. Alitafuna, akahamishia shavu la pili, akatafuna tena, akimtazama kila mmoja wetu kwa zamu.

"Nani alipika hii?"

Vidole vyote vikanielekea.

"Na huyu ndiye mwenyewe?"

"Ndiye."

"Basi nyinyi mna uvumilivu," akawaambia. Akanirudishia sahani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya sukari: "Jamii siwezi kupatia maji. Jamii inakuja kwangu kila siku na sura mpya. Maji napatia mwenye shamba. Lakini mwenye shamba anakaa Lodwar? Hapana. Hiyo ni sukuma kuzeeka tena na maji yangu kupotea. Akikaa hapa, bomba ikae. Siku akienda kukaa Lodwar, nageuza."

Walinitazama wote, isipokuwa mama mwenyekiti. Yeye alikuwa anatazama bomba. Alishika beseni lake kiunoni kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa bado na majani aliyoweka kwa ajili ya kesho, yale magumu ya chini, ya manjano, ambayo wengine waliyaacha. Alikuwa amekunja kidole gumba ukingoni mwa beseni hadi ukucha ukawa mweupe.

Nilifungua mdomo nieleze mkataba wangu, ambao ulikuwa unakaribia kwisha. Nieleze nyumba yangu, feni yangu, rafu zangu za vitabu, muuza samaki anayenijua. Nilikuwa na hoja nzuri. Nimefundishwa kuzipanga.

"Nitakaa," nikasema, "mpaka tutakapopata utaratibu wa..."

Hakuna aliyengoja mwisho wa sentensi. Mzee alikuwa tayari anapiga pikipiki teke. Mama wa Sudan Kusini alipiga kigelegele cha kunipasua sikio, akaja kuondoa sufuria yangu mafigani, akainusa, akaimwaga.

Naandika haya Kakuma, katika chumba cha mabati ambacho adhuhuri hupika bila msaada wa mtu. Mafiga yangu yako nje ya mlango. Mradi uliisha, afisa alinitumia barua ya shukrani yenye picha yangu natafuna, macho yamefumba. Kijitabu kilichapishwa na kiko kwenye makabati ya watu mbalimbali huko Lodwar. Bomba bado linatiririka asubuhi. Vijiti vile vya sukuma vilichipua upya, na safari hii majani yalichumwa machanga, kwa sababu mwenyewe alikuwa karibu na angeweza kuburutwa.

Maana kila kitu kinachoiva sharti kianzie kwangu. Nimeonja kudra. Nimeonja bamia. Nimeonja majani ya maboga, na boga lenyewe, na tikiti ambalo halikuwa limeiva ila watoto walikuwa wamechoka kungoja. Nikisema naenda Lodwar kuona kama paa la nyumba yangu lingalipo, wananiuliza nalala usiku mmoja au vipi, na mmoja wao hupita kwa mzee wa maji kumjulisha, kwa wema tu. Upishi wangu haujaboreka. Mama wa Sudan Kusini hukaa kando ya moto wangu na kuvuta pumzi kwa uchungu, ila tangu siku ile hajagusa mwiko kabla sijameza.

Sasa hivi mama mwenyekiti amesimama mlangoni. Ana kitu mkononi, cheusi, kinang'aa, amekipangusa kwa nguo yake. Nyuma yake wajukuu wake wanashikilia sufuria tupu, tayari.

"Mwalimu, acha kuandika," anasema. "Biringanya imeiva."

"Mama, mimi sipendi biringanya."

"Hakuna mtu amekuuliza kama unapenda," anasema, na anainama kuchochea moto.